Sauti Tano Zilizochelewa

Simu ilitetemeka mfukoni mwa Sylvanus wakati ule ule alipoanza kula.

Alikuwa kwenye kambi ya polisi, ukipita mtaa wa Bukoto kidogo, ndani ya nyumba ya Mama Abalo, mjane wa askari. Yeye Mkenya, muuza ndara wa soko la Kikuubo, amekuja aonekane na mama kabla hajaruhusiwa kumwoa binti, Ayot, naye askari kama marehemu baba yake.

— Kula, Mkenya. Hapa hapana kuona haya, alisema mama.

Simu ya Ayot pale mezani nayo ikalia. Ting. Ting. Mara tano.

— Wakubwa wamefungulia mtandao, Ayot alicheka. Na ni wewe, Sylvanus. Sauti tano. Kumbe siku zote hizo ulikuwa unanisalimia?

Sylvanus akalirudisha tonge kwenye sahani.

Wiki ile ya uchaguzi wakubwa walizima intaneti nchi nzima. Usalama, walisema. Usalama wa nani, hawakusema. Watu walikuwa wametozwa kodi ya kuingia WhatsApp, wakajifunza kuikwepa kwa VPN, hata polisi wenyewe walikuwa nayo, na bado wakazimiwa kama taa ya mpangaji. Ayot alikuwa amepelekwa mji wa Gulu, kaskazini, kulinda kura, na huko mkubwa wao akawanyang'anya simu. Sylvanus hakujua. Alipiga, hakumpata. Shule yake iliishia darasa la tatu, kuandika kunamtoa jasho, basi akawa anarekodi sauti. Kila moja ilibaki na kialama cha saa pembeni, haiendi. Akadhani sauti isiyofika inakufa, kama neno ulilomwambia kiziwi. Ndiyo maana alirekodi nyingine, na nyingine, kila moja chungu kuliko ya jana yake. Ayot aliporudi juzi, akampigia na kumweleza yote, Sylvanus aliona aibu peke yake, wala hakuzitaja zile sauti.

— Weka na sisi tusikie, alisema mama. Mimi napenda sauti ya mkwe.

— Ayot, hapana. Utasikiliza baadaye.

— Una siri gani ambayo mama hawezi kusikia?

Akabonyeza. Ya kwanza ilikuwa salamu tu, mama akatikisa kichwa kwa furaha. Ya pili ikaingia yenyewe, bila kuguswa:

"Naona umenifungia. Sawa."

Ya tatu:

"Najua uko na yule afande wenu, Olanya. Kulinda kura, kulinda kura, kumbe mnalindana."

Ayot aliacha kucheka. Ya nne Sylvanus aliirekodi akiwa na pombe ya waragi kichwani:

"Nilikosa mimi. Mwanamke wa kambi ni wa kambi nzima."

Mama akasukuma sahani yake kando.

— Rudisha hiyo, alisema mama.

Ayot akairudisha.

— Mimi iko kambini miaka thelathini, mama alisema polepole. Hiyo kambi nzima yako, na mimi iko ndani?

— Mama, ni hawa wakubwa. Wangeacha mtandao wazi, haya yote...

— Wakubwa walifunga mtandao, alisema Ayot. Mdomo walikuachia.

Sylvanus akainamisha kichwa. Bado ya tano. Alitaka kuomba isichezwe, ila uso wa kuomba hakuwa nao.

"Aluoch, mke wangu," sauti ilikuwa inalia, "umeniacha na nani? Na huyu naye ameenda. Niambie nimekosea wapi."

Mtu mzima, mbele ya wakwe, akijisikiliza anavyomlilia marehemu mkewe. Bora angevuliwa nguo.

— Aluoch amekufa lini? aliuliza mama.

— Mwaka wa nne huu.

— Mimi pia nilikuwa naongea na mzee yangu hivyo, nikipika. Hiyo ya tano nasamehe. Ya nne, hapana.

— Nifanye nini, mama?

— Umetukana wanawake ya kambi. Jumapili asubuhi wote wako kwa bomba. Kuja, useme kwao.

Sylvanus akamgeukia Ayot.

— Na wewe?

— Mimi pia huwa nachota maji, alisema, akaiondoa sahani ya Sylvanus ikiwa bado imejaa.

Jumapili alikwenda. Mtu ambaye Kikuubo anaita wateja mpaka barabara ya pili, pale bombani sauti ilimtoka kama ya mgonjwa.

— Nilisema neno baya. Nilisema mwanamke wa kambi ni wa kambi nzima. Nilisema uongo, kwa wivu.

— Ongeza sauti, jirani mmoja, Alal, alipaza kutoka mwisho wa foleni. Huku nyuma mtandao haifiki.

Wakacheka wote. Ikabidi arudie kwa nguvu, tusi lenyewe na yote, jasho likimtiririka mgongoni, mpaka watoto wakatoka milangoni kumtazama. Alipomaliza hapakuwa na kicheko. Maji tu yalikuwa yanafurika kwenye jerikeni ya mtu aliyesahau kufunga bomba.

Ayot, aliyekuwa ameshachota, alitoka kwenye kundi. Akaweka jerikeni zake mbili zilizojaa miguuni pa Sylvanus.

— Beba. Mama anangoja maji ya kupikia.

— Anapika nini?

— Chakula cha mtu aliyeondoka na njaa.

Akazibeba, macho chini, akapita mbele ya wanawake wote mpaka mlangoni.