Hodi ya Chumba cha Nyuma

Rafiki yangu ni fundi kompyuta, na ukimpelekea habari za majini atakuuliza kama yana waranti. Ndiyo maana hili namwamini.

Mkewe alipofariki, sauti yake ilibaki kwenye diski ya kompyuta yao kuukuu, nayo ikagoma kuwaka. Jamaa akachanganyikiwa. Akanunua kasha jipya la vyumba viwili: mbele panakaa bodi na feni, nyuma ya ukuta wa chuma panafichwa pawasaplai, kile kifaa cha kugawa umeme, na nyaya zake. Akaiunda kompyuta mpya huku akivibembeleza vyuma: "Nisaidieni jamani. Neno lake moja tu."

Jioni umeme ukakatika mtaa mzima. Akabaki gizani karakanani mwake na bisibisi mkononi, hajachomeka waya wowote ukutani. Diski yenyewe ilikuwa bado mfukoni mwake.

Feni ikaanza kuzunguka, taratibu, kama mtu anayevuta pumzi. Kisha chumba cha nyuma cha kasha kikagongwa kwa ndani, na sauti ya kike ikasema, "Hodi."

Marehemu alikuwa na mzaha huo wa kubisha hodi kila akiingia karakana.

"Mdomo ulinitangulia, ndugu yangu," aliniambia. "Nilisema karibu. Karibu sana."

Feni ikasimama. Hapo ndipo akili ilipomrudia: sauti ile haikuwa ya mkewe.

Na kando yake, kile kiti kibovu cha wateja, ambacho hulia tu mtu akikikalia, kikalia.