Ayalandi, Winga wa Marobota

Belo la mitumba lilipopasuliwa tu, mikono chungu nzima ilizama ndani, na miwili kati ya hiyo ikaishika jezi moja.

"Kaka, achia."

"Dada, nimeiona kwanza."

"Umeiona wewe, nimeishika mimi. Na belo lenyewe ni langu!"

Masunga akainua macho. Msichana aliyekuwa mbele yake alivaa gauni la njano lenye maua madogo, sweta amelifunga kiunoni, nywele zimesukwa zikasukika. Alikuwa amekasirika, na hasira zilimpendeza kupita kiasi.

Ilikuwa Julai, msimu ule wa kwanza makampuni binafsi kuruhusiwa kununua pamba, na Bariadi ilikuwa haikaliki. Malori yalishuka kutoka Kasoli na Mwandoya, redio kaseti zilishindana kupiga kelele, na kila aliyeuza pamba alitaka kuvaa. Msichana huyo, Justina, alikuwa amefungua meza yake ya mitumba hivi karibuni. Hakujua kwamba kijana anayemng'ang'ania ni winga wa kushoto wa Marobota, timu ya kiwanda kipya cha kuchambua pamba, na kwamba mji mzima ulimjua. Mpira wenyewe hakuujua hata kidogo.

"Kwani ina nini hii jezi?"

"Ya Ayalandi hiyo. Nimewaona kwenye video, Kombe la Dunia. Wanakimbia utadhani wamefukuzwa na nyuki."

"Na wewe unakimbia?"

"Njoo Jumapili uone."

Akalipa bila kuomba apunguziwe, jambo ambalo halijawahi kutokea kwenye mitumba ya Bariadi. Hapo Justina akajua huyu hakufuata jezi peke yake.

Jumapili akaenda, akaona. Kijana alipita na mpira pembeni mwa mstari wa chokaa, jezi ya kijani inapepea, mabeki wanabaki wamekaa chini. Kuanzia siku hiyo mji ukamwita Ayalandi, na Justina akamwita wangu. Walipendana waziwazi, mchana kweupe, wakigombania soda moja mbele ya watu.

Marobota waliposafiri kwenda Shinyanga, simu iliita kwenye duka la vipuri vya baiskeli la mzee Marcelo.

"Justina! Yule wako wa kijani!"

Alikimbia mpaka kandambili moja ikabaki njiani.

"Haloo, mpenzi. Leo umevaa nini?"

"Nguo."

"Rangi gani, nipate nguvu?"

"Njano. Haya sema, mmeshinda?"

"Mawili bila. Sikiliza, mamii. Jumamosi wanakuja watu kutoka Dar kutafuta wachezaji wa timu ya taifa. Wamenitaja jina!"

Justina alipiga kelele mpaka mzee Marcelo akaangusha spoki.

"Na nina neno jingine," Masunga akaendelea, "lakini hilo si la simu."

"Mimi langu ni la simu. Ijumaa mama anakuja kutoka Lalago. Nataka muonane."

Justina akaukandamiza mkono wa simu sikioni.

"Masunga?"

"Mama yako? Hapana, Justina. Siwezi kuonana naye. Kwa sababu..."

Simu ikakatika. Simu za enzi zile zilikuwa na tabia hiyo mbaya, kukata pale linapongojwa neno moja tu.

Ijumaa Masunga alishuka kwenye basi, akaja moja kwa moja sokoni, akidhani mgeni bado hajafika, amevaa jezi yake, khanga mpya mkononi. Justina alikuwa amenuna tangu ile simu, lakini alipomwona uso ukamchanua wenyewe. Akageukia kibanda nyuma ya meza yake.

"Mayu! Mama, toka uone!"

Pazia likasogea, akatoka mama mrefu mwenye kitenge cha bluu. Masunga akaitupa khanga juu ya meza, akageuka, akaruka fungu la viazi vitamu, akatokomea nyuma ya mashine ya kusaga.

"Nani huyo anayekimbia?" akauliza mama, Milembe kwa jina.

"Hakuna mtu, mayu."

Moyoni alisema lingine. Kwa hiyo ndivyo! Hata Dar hajafika, ameshaanza kumwonea haya muuza mitumba na mama yake wa kijijini. Alilia siku ile akikunja mashati, na wateja wakadhani ni vumbi.

Asingekwenda uwanjani Jumamosi, ila Milembe alikuwa na ugonjwa mmoja mkubwa, mpira. Alikuwa tayari kuacha ugali jikoni ukaungua mradi aone mechi. Akamburuta binti yake, wakapata nafasi nzuri mbele kabisa, pembeni mwa mstari.

Kipindi cha kwanza Masunga alicheza ng'ambo ya pili ya uwanja, akacheza kama mwenye wazimu. Akafunga bao. Mgeni wa Dar mwenye kofia nyeupe alisimama mara kadhaa. Wapinzani wakasawazisha, moja moja, mapumziko.

Timu zikabadilishana magoli, na upande wa kushoto ukaangukia pale pale alipokaa Milembe.

Masunga alimwona, akainamisha kichwa. Pasi ya kwanza ikatoka nje yeye akiwa katikati ya uwanja. Ya pili hivyo hivyo.

"Pembeni, Masunga! Rudi pembeni!" kocha Ngeleja alikuwa anapasuka mishipa ya shingo.

"Ayalandi kauza mechi!" wakazomea watu.

Mgeni wa Dar akakaa, akavua kofia, akaanza kujipepea.

"Ananikimbia tena," Justina akasema, machozi yakimtoka. "Tumemwaibisha."

Milembe alikuwa anaitazama ile jezi ya kijani inavyozunguka mbali, inavyokwepa, mwenye nayo macho chini.

"Ndiye yule wa jana sokoni?"

"Ndiye."

"Na mnapendana?"

"Tulikuwa tunapendana."

"Mjinga wewe! Kijana wa Kisukuma anamkimbia hivyo mama wa nani, kama si mama mkwe, ambaye ni mwiko kumtazama?"

"Mayu, mahari haijatajwa!"

"Wewe hujaisikia. Wiki iliyopita wazee walikaa na wageni, mimi sikuambiwa neno. Yeye inaelekea ameshaisikia."

Akatazama uwanja mara moja ya mwisho, kwa uchungu, maana mechi ilikuwa tamu. Kisha akajitanda khanga kichwani, akaenda nyuma ya lori la pamba lililoegeshwa karibu, akakaa chini, akaupa uwanja mgongo.

"Haya, nisimulie!"

Justina akapanda kwenye bampa. "Ameinua kichwa, mayu! Amekuja pembeni!"

"Amepewa?"

"Amepewa! Kampita mmoja!"

"Wa pili?"

"Wa pili amekaa chini! Anaingia, anaingia... mayu, bao!"

Milembe alipiga kigelegele akiwa peke yake na matairi. Kule, mgeni wa Dar alikuwa amerusha kofia juu.

Filimbi ya mwisho ilipolia, Masunga aliwaponyoka waliotaka kumbeba, akakimbilia lori. Akasimama ghafla upande wa pili.

"Justina! Wamenichukua! Jumatatu napanda basi, nakwenda kambini!"

"Njoo huku nikuone."

"Siwezi, mama yuko huko. Lile neno langu ndilo hili. Baba alikwenda Lalago, wazee wamekubaliana ng'ombe. Nilitaka nikwambie uso kwa uso."

"Wamekubaliana ng'ombe! Na mimi ameniuliza nani?"

Milembe akamfinya binti yake. "Mbane hapo hapo," akanong'ona.

"Justina wangu... naomba nikuoe."

"Sisikii. Simu inakatika."

"NAOMBA NIKUOE!"

Wapakiaji juu ya pamba wakaacha kazi, wakashangilia kuliko walivyoshangilia bao.

"Nimekubali," Justina akasema, akicheka na kulia. "Sasa nenda kaoge."

Masunga aliichezea timu ya taifa mpaka goti lilipomkataa, na mechi zote za uwanjani Milembe alizikosa. Lakini ile ya kwanza, Desemba, alikaa Lalago na Justina, redio katikati yao, sikio limegusa spika.

"...anapewa Masunga, upande wa kushoto, anakwenda, anakwenda..."

Justina akageuka, akamkuta mama yake amejifunika khanga uso mzima.

"Mayu, hii ni redio tu."

"Najua," akajibu Milembe ndani ya khanga. "Ongeza sauti."