Kivuli cha Saa Saba

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Sindano alifagia chumba cha mbele. Ndicho baba yake, fundi cherehani, alichofanyia kazi, na sakafu yake haikukosa nyuzi, vipande vya kitambaa na pini. Nyuzi alizifagia, pini aliziokota kwa sumaku, maana pini ikiachwa sakafuni humtafuta mtu asiye na viatu. Jina la Sindano alipewa na wenzake wa kidato cha pili, nusu kwa kazi ya baba yake, nusu kwa wembamba wake. Hakulichukia. Alisema afadhali sindano kuliko gunia.

Muhula ule baba yake alikuwa na jambo moja tu mdomoni. Shule ilitaka kubadilisha kitambaa cha sketi za kidato cha kwanza, na vitambaa viwili vya bluu vilikuwa vinashindana. Kimoja kilitoka duka la pembeni ya barabara. Cha pili ni majora matatu aliyoyachukua baba kwa mfanyabiashara aliyemwapia kwamba rangi yake haipauki. Kitambaa chake kikichaguliwa, naye akapata kazi ya kushona sketi hizo, cherehani isingelala muhula mzima. Akiikosa, angeendelea kubadilisha zipu na kupunguza suruali za watu, kazi ambayo, alisema, hata mbuzi akifundishwa vizuri ataiweza.

Wakati huohuo mwalimu wa sayansi aliwataka wanafunzi wake, wawili wawili, wabuni jaribio lao wenyewe. Mwalimu huyu walimwita Kwanini, kwa sababu ukimwambia maji yamechemka atakuuliza kwa nini, na ukimwambia umechelewa atakuuliza vivyo hivyo. Aliwaeleza kwamba jaribio la haki hubadilisha kitu kimoja tu, na vingine vyote hubaki sawa. Ukishindanisha wakimbiaji wawili na mmoja amebeba ndoo ya maji kichwani, alisema, usije ukasema umepima miguu.

Sindano na mwenzake, mvulana aliyeitwa Kasuku kwa kuwa alizungumza hata akiwa anatafuna, walichagua kupima vitambaa vile viwili. Kipi kitapauka zaidi juani? Mwalimu mkuu aliposikia, akasema atasubiri matokeo yao kabla ya kuamua. Kasuku alitembea siku nzima ameinua kidevu kama waziri.

Walifanya kazi kwa uangalifu. Walikata vipande sita, vitatu vya kila kitambaa, vyote kwa futikamba moja. Walivifua katika beseni moja kwa sabuni moja. Kipande kimoja zaidi cha kila kitambaa walikificha ndani ya kitabu, gizani, ili waje kulinganisha. Kisha wakavianika kwenye kamba ya uani kwa kina Sindano, iliyoanzia ukutani mwa nyumba hadi kwenye nguzo ya ua. Vya dukani vilikaa upande wa nguzo. Vya baba vilikaa upande wa nyumba, kwa sababu Sindano alipenda kuviona akitoka mlangoni. Hakuwa na nia mbaya. Asubuhi, walipovitundika, kamba yote ilikuwa juani. Jioni, waliporudi kutoka shule, kamba yote ilikuwa kivulini. Nani angejua yanayopita katikati?

Siku ya tano ilikuwa Jumamosi. Saa saba mchana Sindano alitoka uani kumwaga maji, akasimama na ndoo mkononi. Jua lilikuwa limevuka paa, na kivuli cha nyumba kilikuwa kimelala juu ya vipande vitatu vya baba yake. Vile vya dukani vilikuwa vinachomwa na jua peke yao. Akakaa pale akitazama mpaka saa tisa. Kivuli kilisogea polepole kama mtu asiye na haraka, na kwa saa mbili nzima hakikuvigusa vipande vya dukani.

Alinyoosha mkono akashika kibanio cha kwanza ili avibadilishe nafasi. Ndani, cherehani ilikuwa inakwenda mbio, na baba yake alikuwa anapiga mluzi. Hakuwa amepiga mluzi tangu mwaka uanze. Sindano akakiachia kibanio. Akajiambia atamweleza Kasuku kesho. Kesho yake akajiambia ni Jumapili. Baada ya hapo hakujiambia kitu.

Siku ya kumi na mbili vipande vya dukani vilikuwa vimepauka, na vya baba vilikaribia kufanana na kile cha ndani ya kitabu. Kasuku alichora jedwali kwenye karatasi kubwa kwa kalamu za rangi. Walipowasilisha darasani, Kwanini aliuliza swali lake kama kawaida, lakini safari hii alimtazama Sindano moja kwa moja. "Mbali na kitambaa chenyewe, kuna kitu kingine chochote kilichotofautiana?"

"Hakuna, mwalimu," alisema Sindano.

"Hakuna, mwalimu," alisema Kasuku, kwa sauti kubwa zaidi, akitabasamu. Yeye aliamini anasema kweli, na tabasamu lile lilimchoma Sindano.

Walipata alama za juu kuliko wote. Baba yake alipata kazi ya sketi arobaini na mbili. Ile karatasi ya jedwali aliiomba shuleni, akaibandika ukutani juu ya cherehani, na kila mteja aliyeingia alisomewa. Sindano alianza kufagia chumba kile bila kuinua uso.

Mwezi haukuisha. Alasiri moja mpishi wa shule, mama mpole mwenye mikono mipana, aliingia kwa fundi akiwa na sketi ya binti yake aliye kidato cha kwanza. Aliitandaza mezani. Ndani ya marinda ilikuwa bluu. Nje ilikuwa na rangi ya majivu. Alisema ameifua mara nne tu.

Baba hakukasirika. Alicheka kidogo, kama mtu mwenye ushahidi, akaelekeza kidole ukutani. "Mama, kitambaa hiki kimepimwa kisayansi, siku kumi na mbili. Na aliyekipima ni mwanangu huyu hapa. Njoo mwanangu, mweleze mama."

Sindano alikuja. Alieleza beseni moja, sabuni moja, vipande sita. Maneno yalitoka yenyewe, kama somo la kukariri. Alipofika kwenye kamba, akaruka akaenda kwenye matokeo.

Mpishi alimsikiliza hadi mwisho, akiitikia kwa kichwa kwa heshima. Kisha akaanza kuikunja sketi, taratibu. "Basi nisamehe, fundi. Itakuwa ni sabuni yangu. Mimi sikusoma, nafua tu kama nilivyoona kwa mama yangu. Nimekuja kukusumbua bure." Akamgeukia Sindano akamshukuru kwa kumwelimisha.

Akamshukuru. Hilo ndilo lililomkosesha Sindano usingizi. Angegombezwa angevumilia.

Kesho yake shuleni alimwona binti wa mpishi kwenye foleni ya maji. Wenzake walikuwa wanamwita Jivu. Sketi zao wenyewe zilikuwa zimeanza kupauka, lakini mtu haoni mgongo wake. Mtoto yule alikuwa anawaambia kwa upole kwamba mama yake alikosea sabuni, ameshaacha kuitumia. Sindano aliondoka kwenye foleni bila kunywa, akaenda moja kwa moja hadi chumba cha vifaa vya maabara. Kwanini alikuwa anaosha mirija ya kioo. Akamwambia yote, akitazama bomba.

"Uliona kivuli siku ya ngapi?" aliuliza mwalimu.

"Ya tano."

"Na uliniambia 'hakuna' siku ya ngapi?"

"Ya kumi na mbili."

Sindano alingoja aulizwe kwa nini. Kwa mara ya kwanza tangu amjue, mwalimu yule hakuuliza. Alifunga bomba, akakausha mikono kidole kimoja kimoja. Alisema na yeye ana sehemu yake, kwa kuwa alilipokea jibu bila kwenda kuiona kamba. Kisha akasema watalirudia jaribio, na kwamba kabla ya hapo kuna watu wawili wa kuambiwa.

Kasuku aliambiwa kwanza. Aliacha kutafuna, akasema, "Umenifanya niwe mwongo, na hukunipa hata nafasi ya kukataa." Akachukua mkoba wake akaenda.

Kwa baba, mwalimu alimsindikiza hadi mlangoni, lakini maneno aliyasema Sindano mwenyewe. Fundi alisikiliza mguu ukiwa juu ya kanyagio la cherehani. Alipomaliza kusikia, alisimama, akaibandua karatasi ukutani, akaikunja mara nne. Akatoka. Alikwenda nyumbani kwa mpishi akiwa na futikamba bado shingoni, na watu wa mtaani walimshangaa, maana fundi yule hakuwahi kutoka nje na futikamba. Alichomwambia mpishi Sindano hakukijua kamwe. Alijua tu kwamba aliporudi hakupiga mluzi, wala hakumgombeza.

Jaribio la pili lilifanyika katikati ya uwanja wa shule, mbali na ukuta na mti wowote. Vipande vilipangwa kimoja cha fundi, kimoja cha dukani, na kila siku vikabadilishwa nafasi. Kwanini alikwenda kuviangalia saa saba juani, kofia kichwani. Mwishoni, Kasuku, ambaye alikuwa ameanza tena kuzungumza na Sindano lakini kwa maneno ya kuhesabu, alipendekeza kwamba wanaojua kipi ni kipi wasiwe waamuzi. Wakaandika namba nyuma ya kila kipande, wakamwita mpishi avipange kuanzia kilichopauka sana hadi kilichopauka kidogo. Alivipanga bila kusita. Vitatu vya mwanzo vyote vilikuwa vya fundi. Vya dukani navyo vilikuwa vimepauka, ila kidogo.

Jumatatu Sindano alisimama mbele ya shule nzima, akasoma tathmini ya jaribio lake la kwanza: kosa lilikuwa nini, alilijua lini, na nani alilaumiwa bure. Aliposema kwamba sabuni ya mama mpishi haikuwa na kosa, alilazimika kuanza sentensi upya. Hakuna aliyecheka. Ingekuwa nafuu wangecheka.

Sketi hazikutupwa. Baba yake alikubaliana na shule kwamba atazifumua moja moja, ageuze kitambaa ili upande wa ndani, ambao bado ulikuwa na rangi, uje nje, kisha azishone tena. Wazazi waliambiwa wazianike kivulini, tena zikiwa zimegeuzwa ndani nje, maana kama kuna kitu jaribio la kwanza lilikuwa limepima sawasawa, ni faida ya kivuli. Mwakani shule ingechukua kitambaa cha dukani.

Kila alasiri, basi, Sindano alikaa kwenye kigoda na wembe mdogo, akikata mshono mmoja baada ya mwingine. Siku nne walifanya kazi hiyo bila mazungumzo ila "nipe" na "shika". Siku ya tano baba aliinua sketi kwenye mwanga, akaitazama.

"Mwanangu," alisema, "fundi akikata vibaya, anasimama palepale, anamwambia mwenye nguo. Hapo anapoteza kitambaa kidogo. Asiposema, akashona, atafumua. Hapo anapoteza siku. Asiposema hapo tena, akakabidhi, nguo inatembea mjini na kosa lake, na anayechekwa ni aliyeivaa. Hata mimi nilikuwa naitaka kazi hii kiasi kwamba ungeniambia mapema, ningenuna. Ningenuna siku mbili, tatu. Lakini ungeniambia. Kosa liseme lingali kwenye mkasi."

"Ndiyo, baba."

Akampa sketi nyingine. Sindano akatafuta mwanzo wa mshono kwa ncha ya kidole, akaukata, akavuta uzi. Zilikuwa zimebaki thelathini na moja.