Kila Kitu kwa Mwai ni Cool

"Mwai, hii ni nini?"

Warigia alimsukumia simu juu ya kaunta ya agrovet, duka lake la dawa za mifugo, katikati ya dawa za kupe na mizani ya chakula cha kuku. Alikuwa amemwandikia: "Baba amekubali mje kuniposa Jumamosi. Mtakuwa watu wangapi?" Baada ya siku mbili nzima Mwai akajibu: "Cool."

"Si hiyo ni jibu, babe?" Mwai akasema.

"Jibu la watu wangapi?"

Mwai alifundisha Kiingereza katika shule moja ya sekondari mjini Nyeri, na ukimbana kwa swali alikimbilia somo.

"Unajua hiyo neno imetoka mbali? Kwanza ilikuwa baridi tu. Halafu ikawa mtu mtulivu, hana hasira. Watu wa jazz kule Amerika wakaichukua, ikawa kitu poa. Siku hizi ni nimekubali, ama asante, ama usijali, ama hata..."

"Ama hata niondokee."

"Sijasema hivyo."

"Hujasema chochote! Nikikuambia nakupenda, cool. Nikikuambia cucu amelazwa, nyanya yangu mwenyewe, cool. Mama ameita wanawake wote wa kanisa hapo Wamagana, mbuzi imefungwa nyuma ya jikoni tangu jana. Leo ni Alhamisi. Mnakuja ama hamkuji?"

Mwai akaanza kusoma maandishi ya pakiti ya dawa ya minyoo. Damu ilimpanda Warigia kichwani. Alimpenda huyu mtu, tena sana, ndiyo maana alitamani kumpiga na ile mizani.

Alimpigia Gatimu, baba mdogo wa Mwai, aliyepaswa kuwaongoza wageni. Akaweka sauti kubwa, Mwai asikie.

"Uncle, Jumamosi mtafika saa ngapi?"

"Ati Jumamosi gani? Mimi sijaambiwa kitu."

Warigia aliaga, akakata simu.

"Siku zote hizi umenidanganya."

"Ni Dedan," Mwai akasema polepole.

Dedan, kaka yake mkubwa, hakuwa ameoa. Mchumba wake alimwacha mwaka juzi, mipango yote ikiwa tayari. Ndiye aliyekama ng'ombe na kuuza maziwa mpaka Mwai akamaliza chuo, na kwa desturi ya kwao mdogo hampiti mkubwa kwa kuoa bila kumwomba ruhusa.

"Nitamwambia nini? Ati wewe baki, mimi napita?"

"Ungeniambia mimi! Ningengoja hata miaka miwili. Lakini kunyamaziwa, hapana. Mpigie sasa hivi."

Mwai alipiga, naye akaweka sauti kubwa.

"Dedan, niko na kitu... Nataka kuoa. Najua ni wewe ungetangulia. Naomba uniruhusu."

Ng'ombe akalia upande wa pili.

"Nimejua tangu Agosti," Dedan akasema. "Kijiji yote inajua. Kunipita haikuniuma. Kile kiliniuma ni wewe kunificha, kama mimi ni mgonjwa."

"Nisamehe."

"Pita, ndugu yangu. Lakini Jumamosi ni mimi nitasimama nikuombee bibi. Gatimu atakaa chini."

Mwai alifunika uso akalia mbele ya wateja wawili. Warigia bado alikuwa na hasira, na alijua haitaisha leo. Hata hivyo alizunguka kaunta, akamshika bega, huku mkono wa pili ukimwandikia baba yake: "Wanakuja. Ndugu mkubwa wa Mwai ndiye ataongea."