Tumbo Alilolificha Seremala

Mume wangu ni seremala. Karakana yake iko nyuma ya nyumba. Siku hizo nilisikia msumeno, kisha kimya, msumeno tena, kimya tena. Nikadhani anapumzika. Kumbe!

Alikuwa na saratani ya tezi za limfu. Alitundikiwa dripu za kemo, dawa kali za saratani, mpaka nywele zikaisha. Uvimbe wa shingoni ukatoweka, tukashangilia. Baada ya mwaka ukarudi. Akapewa kemo nyingine, uvimbe ukagoma. Daktari akasema, "Sasa tujaribu tiba ya kinga." Dripu tena, kila wiki tatu. Dripu si dripu tu? Sikuelewa kitu, nikaitikia tu.

Siku moja nilimpelekea chai. Nyuma ya mlango niliona ubao wenye mistari minane ya penseli.

"Baba watoto, umehesabu viti vya nani hapa?"

"Si viti." Akainama. "Ni safari zangu za chooni leo."

"Nane! Tangu lini?"

"Siku ya nne hii."

"Na umenyamaza?"

"Kwani kemo haikuniharisha? Tulivumilia, ikapita. Tena nikisema, watanikatia dawa. Sina nyingine iliyobaki, mke wangu."

Akalia. Nami nikachanganyikiwa kabisa. Nikisema, anakosa dawa. Nisiposema, anakwisha mbele ya macho yangu. Nilishika simu, nikaiweka, nikaishika tena. Mwishowe nikampigia sista wa wodi ya saratani.

"Mlete sasa hivi," akasema. "Usimnunulie dawa ya kuzuia kuharisha."

Alipokwisha kupimwa, sista alituketisha.

"Baba, kemo huua chembe za saratani yenyewe. Hii inafanya kazi tofauti. Mwilini una askari wanaopambana na magonjwa. Saratani iliwazubaisha. Dawa hii inawazindua."

"Sasa tumbo limewakosea nini?" nikauliza.

"Wakizinduka, wengine hawachagui. Wanaweza kushambulia utumbo, mapafu, ini, hata ngozi. Ukiharisha, ukikohoa, ukipata homa au upele, piga simu siku hiyohiyo. Hapa hatuvumilii, baba. Kuvumilia kunaweza kukuua."

"Na dripu yangu?"

"Tunaisimamisha kwanza. Tutakupa dawa ya kuwatuliza hao askari."

"Si nilikwambia!" Mume wangu akanigeukia kwa hasira. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Mama amekuokoa," sista akasema. "Kusimamisha si kuacha. Askari walioamka wanaweza kuendelea na kazi hata bila dripu. Si kwa kila mtu, lakini hutokea. Daktari ataamua kama utarudia."

Dawa ya kutuliza dawa! Bado nilikuwa gizani. Nikamwomba sista arudie. Alirudia mara tatu, wala hakununa.

Tumbo lilitulia baada ya siku kadhaa. Baada ya miezi miwili alipigwa picha ya shingo. Uvimbe ulikuwa umepungua nusu, na dripu bado imesimama. Daktari hakutuahidi kupona. Alisema tuendelee kuhudhuria kliniki. Njia nzima mume wangu alikuwa akijipapasa shingo, na mimi nikimzuia asigongwe na baiskeli.

Jana nilimkuta karakanani, simu sikioni.

"Ni kikohozi kidogo tu, sista," alikuwa akisema. "Kimeanza leo asubuhi. Nije sasa hivi?"

Alikuwa ameshavaa viatu.