Wamiliki Waliobaki

Ilianza Jumatatu, saa moja na dakika kumi na mbili asubuhi, kwenye geti la nyumbani. Mfamasia alikuwa ametoka zamu ya usiku, macho mazito, na bado alikuwa na kazi ya kumpeleka mtoto wa dada yake shule. Aliiacha simu kwenye kishikio karibu na usukani, akashuka kufunga geti.

Nyuma yake milango ikajifunga.

Gari lilikuwa la shemeji yake, aliyefariki miezi minne nyuma baada ya kuanguka kazini. Halikuwa na ufunguo. Lilifunguliwa kwa simu, na lilitii simu hata ikiwa mji mwingine. Simu ya shemeji haikuonekana tena tangu siku ile. Fundi aliwaonya mapema: "Futeni jina lake. Aliyeiokota simu ile ndiye mwenye gari." Lakini kila skrini ilipouliza *Ondoa mmiliki?*, dada mtu alishindwa kubonyeza *Ndiyo*.

"Nimeshamzika mara moja, mdogo wangu. Usinifanye nimzike tena."

Basi wakaliacha jina, wakaongeza la mfamasia chini yake.

Mfamasia alivuta kitasa. Kigumu. Ndani, feni ilianza kuvuma, na kwenye skrini joto likapanda: ishirini na nane, thelathini na tatu, thelathini na tisa. Mtoto, msichana wa miaka sita, alikuwa kiti cha nyuma, mkanda umefungwa. Hakulia. Aliinamisha kichwa kama anayesikilizia jambo. Midomo yake ikacheza. Kisha akaitikia kwa kichwa. Ndiyo.

"Vuta hapo mlangoni! Nisikie mimi!"

Mtoto alimtazama kama anavyotazamwa mgeni.

Dada mtu alitoka mbio, kiatu mguu mmoja. "Simu yako iko wapi?"

"Ndani."

"Na wewe nawe! Msomi mzima!"

Mfamasia alitazama huku na huku, akitafuta cha kuvunjia kioo. Aliokota jiwe la kuegemeza geti, akalinyanyua kwa mikono miwili. Kabla hajalishusha, milango ikafunguka yenyewe.

Dakika kumi na moja zilikuwa zimepita. Mtoto alilowa jasho, nywele zimegandamana kwenye paji la uso.

"Ulikuwa unaongea na nani, mwanangu?" mama yake aliuliza.

"Na baba. Ameniita Kijiko."

Wale dada wawili walitazamana. Jina hilo lilikuwa la baba na mwana peke yao. Mama mwenyewe aliwahi kulisikia mara moja, nyuma ya mlango wa bafu.

"Amesemaje?"

"Amesema nisiwaambie."

Mtoto alipokwenda kubadilishwa nguo, mfamasia alinong'ona, "Ni mwizi tu, dada. Ana ile simu. Amesoma meseji."

"Meseji gani? Mtoto hajui kusoma. Nani angemwandikia?"

Siku hiyo shule haikuendwa. Mfamasia aliomba ruhusa kazini, akalala na viatu, akiamka kila baada ya muda kuchungulia dirishani. Gari lilikuwa palepale, limetulia.

Jumanne, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, aliketi kwenye usukani, mguu mmoja nje, mlango umezuiwa na lile jiwe. Dada yake alisimama kizingitini, akafumba macho, akaitikia kwa kichwa. Mfamasia alibonyeza *Ndiyo*.

*Mmiliki ameondolewa. Wamiliki waliobaki: wawili.*

Wa kwanza alikuwa yeye mwenyewe.

Wa pili aliitwa Kijiko. Ameongezwa jana, saa moja na dakika ishirini na moja asubuhi.

Alibonyeza *Ondoa*. Skrini ikajibu: *Huna ruhusa.*

Hakumwita dada yake aje kuona. Alifungua boneti, akalegeza nati na kuchomoa waya wa betri, skrini ikazimika. Halafu akamshika mtoto mkono, wakaenda shule kwa miguu. Kila hatua chache mtoto aligeuka nyuma, akapunga mkono.

Mfamasia hakugeuka.