Fundo la Pili la Mzee Paskali

Shangazi yangu Raheli hakuwa mwoga. Nasema mapema, maana ndugu zangu wakiisikia habari hii hukimbilia kusema alikuwa anaota. Hakuota. Alichoka tu, na kuchoka kwake ndiko kulikotufikisha hapa.

Ilikuwa miaka ya Mwingereza, baada ya vita vya Hitla. Mjane mmoja wa Kizungu alifungua banda la mbwa chini kidogo ya Irente, akamwajiri shangazi kulitunza. Walowezi waliokuwa wakirudi kwao walileta mbwa wao pale, wakamkabidhi shangazi, naye akawagawa bure kwa wakulima wenye mahindi ya kulinda dhidi ya nguruwe mwitu. Kijijini kwetu mnyama hatolewi hivi hivi. Anayetoa hufunga fundo kwenye kamba, anayepokea hulifungua mlangoni kwake. Fundo likishafunguliwa hapo, kilichotolewa ni cha nyumba hiyo. Shangazi aliwafungia wakulima mafundo kwa mkono wake, na hakuna aliyewahi kurudisha mbwa.

Mpaka akaja Jembe. Huyu alikuwa mbwa wa Mzee Paskali, mlinzi wa msitu aliyekuwa akiishi peke yake huko juu. Mzee alikutwa siku tatu baada ya kufa, mbwa amelala kizingitini. Hakuwahi kumkabidhi mbwa kwa mtu yeyote. Shangazi alilijua hilo, lakini kazi ilikuwa nyingi, akafunga fundo mwenyewe na kumpa mkulima mmoja, Rajabu.

Rajabu alimchukua Jumatatu, Jumatano akamrudisha.

"Dada Raheli, mbwa hana kosa," alinong'ona. "Ila ikifika jioni kuna mtu anampigia mluzi."

"Ni watoto hao."

"Kwangu hakuna watoto. Na mluzi unatoka uvunguni."

Shangazi akampa mkulima mwingine, Hadija. Huyo hakumaliza hata siku mbili. Alisema mbwa alikuwa amelala, hajitikisi, lakini kamba ilikaza yenyewe, kama vile mtu ameishika upande wa pili.

Shangazi alikasirika. Mbwa mzima, mkali kwa nguruwe, mpole kwa watu, halafu watu wanaleta hadithi. Juu ya hayo bwana mifugo akapita na amri yake: kuna kichaa cha mbwa bondeni, na mbwa yeyote ambaye hatakuwa na nyumba kufika Jumamosi atapigwa risasi. Bandani alikuwa amebaki Jembe peke yake. Shangazi alilia siku ile, na aliniambia wazi kwamba alilia kwa hasira, wala si kwa huruma.

Ijumaa alasiri akapanda naye mpaka kibanda cha Mzee Paskali. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye migomba. Akaitandaza kamba kizingitini, akarudi nyuma hatua chache.

"Shikamoo, Mzee," alisema polepole. "Kesho watamuua. Nikabidhi mimi, nitakaa naye. Nimechoka."

Akageuka, akawapa mgongo. Alingoja. Hakuna ndege aliyelia. Kisha mluzi. Mfupi. Karibu sana. Jembe alinung'unika kidogo, akanyamaza.

Alipogeuka, kamba ilikuwa imefungwa fundo.

Alishika kamba akateremka, na hakutazama nyuma hata mara moja. Jua lilikuwa linazama alipofika mlangoni kwake. Vidole vikagusa fundo. Vikagusa la pili. Yalikuwa mawili, yamebanana. Alidhani mzee amekazia tu, si unajua wazee. Akafungua la kwanza. Jembe akaingia, akajilaza, akashusha pumzi.

Akafungua la pili.

Ndani, kigoda kililia. Kama vile mtu amekikalia.

Jumamosi bwana mifugo alimkuta mbwa ana nyumba, akaenda zake. Jembe aliishi miaka kumi na mmoja. Alimtii shangazi, alilinda mahindi, lakini mkia hakumtikisia yeye. Alikitikisia kile kigoda, kila jioni, na sisi watoto hatukuruhusiwa kukikalia.

"Nilikwenda kuchukua mbwa mmoja," shangazi alikuwa akinung'unika akipakua ugali. "Mmoja tu. Mzee yule hakuniuliza." Na bado alipakua kidogo pembeni, kwa hasira, akauweka karibu na kigoda. Mbwa alikufa. Yeye akaendelea kupakua.

Alipofariki shangazi, vidole vyake vilikuwa vimekakamaa mwaka mzima, hata kifungo cha gauni alifungiwa. Tulipogawana vitu vyake tulikuta ile kamba ukutani. Ilikuwa na fundo. Moja, jipya, limekazwa vizuri.

Hakuna aliyeitaka. Kaka yangu Fanueli alisema ichomwe moto, na hakuna aliyethubutu kuwasha kiberiti. Wanaume wazima, wananikodolea macho mimi. Nilikasirika, nikaichukua, nikaja nayo kwangu huku Kifungilo, nikaitundika kwenye msumari mlangoni. Fundo sikuligusa. Niliapa sitaligusa.

Nakaa peke yangu. Mbwa sina, sijawahi kufuga.

Leo asubuhi nilitoka kuchota maji. Niliporudi, kamba ilikuwa chini kizingitini, imenyooka, haina fundo. Kigoda changu kilikuwa kimesogezwa karibu na moto, na kwenye vumbi mbele yake palikuwa na alama za nyayo mbili za mtu, zimetulia, zimeelekea jikoni, kama za mtu anayengoja kupakuliwa.